Samaki Aliyegawiwa Kama Ng'ombe

Siku mliyoniaga mlinipa kitenge, saa ya ukutani, na maneno mazuri ambayo mngeyasema mapema kidogo yangenisaidia zaidi. Halafu mkuu wenu mpya akanivuta pembeni akaniambia, "Mama, tuandikie uliyoyaona. Sisi kazi tumeikuta katikati." Nikamjibu nitaandika nikipata nafasi. Sasa nafasi ninayo tele mpaka inanichosha. Asubuhi naamka kama siku za kazi, naoga, navaa, halafu nakumbuka kwamba hakuna pa kwenda. Basi naandika. Vyeo nilivyopanda na vile nilivyorukwa naviacha, maana havimfundishi mtu kufuga samaki.

Nilipomaliza chuo nilikuwa na hakika nitapangiwa Kigoma mjini, niwe nashinda mwaloni, mitumbwi inapotia nanga, nikikagua nyavu na kula dagaa wa bure. Barua ikasema Kasulu. Mimi ni Muha wa huku huku. Kasulu naijua kwa vilima vyake, maharage yake na baridi yake ya asubuhi, lakini ziwa sikuwahi kuliona. Mama yangu aliposikia kwamba binti yake ni afisa uvuvi wa Kasulu alicheka mpaka akakaa chini. "Mwanangu, utawavua wapi? Kwenye shamba la mihogo?"

Jibu alinipa Mzee Shabani, aliyekuwa bwana samaki wa wilaya wakati huo. Alikuwa mtu wa Ujiji, mpole, mwenye kofia safi hata akitoka kwenye tope, na kwenye tope alikuwa kila siku. Siku yangu ya kwanza sikuonyeshwa meza. Alinipeleka Titye, kwenye bwawa lililochimbwa bondeni chini ya migomba, akaniambia nikunje mkono wa blauzi niuzamishe majini mpaka kwenye kiwiko.

"Kiganja unakiona?"

"Sikioni, mzee."

"Basi maji yamelishwa kupita kiasi, mwenye bwawa aache samadi kwanza. Ukikiona sana, maji yana njaa. Ukikiona kwa mbali, hapo ndipo."

Kipimo hicho nilikitumia mpaka siku ya kustaafu. Ninyi mna vifaa vya kupimia, navyo ni vizuri, ila betri zikiisha kumbukeni kwamba mkono mnao.

Somo lake la pili lilikuwa mkia. Alivuta wavu, akashika samaki mmoja, akamkunjua mkia kwa vidole viwili kama mtu anayefungua feni ya karatasi. Mistari myembamba ilikuwa imesimama kutoka juu hadi chini, mmoja baada ya mwingine. Huyo ni sato. Kisha akaniongoza mpaka mtoni, akaomba wavu wa mtu, akanionyesha mwenzake: mweusi zaidi, mnene kichwani, mkia hauna mistari ile. Huyo ni ngege wa maji ya Malagarasi, mwenyeji.

"Sato ni mgeni mzuri," alisema. "Anakua haraka, hachagui chakula. Lakini mfungie mlango. Akitoka akaingia kwa ngege, hapo huna sato, huna ngege."

Nilimwuliza kwa nini, maana chuoni tulisifiwa sato mpaka basi. Akanieleza polepole, tumekaa juu ya tuta. Ngege dume huchimba kiota chake kwenye maji mafupi, jike huja kutaga, kisha hubeba mayai mdomoni mpaka vifaranga vipate akili. Sato naye hufanya vivyo hivyo, ila ni mkubwa na mgomvi, kwa hiyo humfukuza mwenyeji kwenye kiota. Na lililo baya zaidi ni kwamba wanaoana. Watoto wao si wa huku si wa kule, nao wanazaa wengine, mpaka siku moja unamtafuta ngege halisi humpati. Ndiyo maana Mzee Shabani hakumpa mtu kifaranga kabla hajaona wavu wa chuma kwenye bomba la kutolea maji, na bwawa liko mbali na mahali mto unapofurika. Wakulima walimwona msumbufu. Mimi pia nilimwona hivyo, hasa mvua ikiwa inaninyeshea nikisubiri amalize kuvuta kila wavu kwa mikono yake kuhakikisha umefungwa.

Vifaa vyetu havikuwa vingi. Kokoro moja, wavu wa kukokota mabwawani, lenye viraka vingi kuliko nyuzi zake za asili. Madumu ya mafuta ya kula yaliyokatwa juu. Buti za mpira za saizi ya wanaume, ambazo nilizijaza magazeti ya zamani ili zisibaki kwenye tope mimi nikiendelea na safari. Vifaranga tulivisafirisha kwa pikipiki, dumu likiwa limefungwa nyuma, majani ya mgomba juu ya maji ili yasirukeruke. Samaki wa safari hapewi chakula tangu jana yake, asije akachafua maji njiani akafa kwa uchafu wake mwenyewe. Hilo liwe kichwani mwenu, mifuko ya oksijeni isiwafanye mjisahau.

Katika miaka yangu yote sikupata mfugaji kama Mzee Bonifasi wa Titye. Alivuka mpaka wa Manyovu kutoka Burundi akiwa mtoto, yeye na mama yake, vita vikiwa nyuma yao. Baba yake alikuwa na ng'ombe, na ng'ombe wale walibaki huko. Nilipomfahamu alikuwa Mtanzania kwa karatasi na kwa kodi, mwenye shamba la maharage, mwimbaji wa sauti nzito kanisani. Ng'ombe hakupata tena. Bwawa ndilo alilopata, akalipenda kupita kiasi. Jioni alilizunguka akiwa na fimbo mkononi, akisimama, akiangalia, kama mtu anayehesabu mifugo ikirudi zizini.

"Bibi samaki," aliniambia mara nyingi, "hizi ndizo ng'ombe zangu. Tofauti ni kwamba hazilii."

Binti yake Skolastika, tunayemwita Skola, aliolewa Busunzu, upande wa Kibondo, kwa kijana wa Mzee Filipo. Nilikula wali wa harusi ile na nikacheza vibaya. Kilichofuata baada ya harusi sikukiona, nilikuja kusimuliwa na wenyewe.

Kwa wale kati yenu mliotoka mbali: huku kwetu Buha, na kwa ndugu zetu Warundi vilevile, kuna jambo linaitwa kugabira. Mtu humpa mwenzake ng'ombe kama heshima. Ng'ombe huyo hachinjwi wala hauzwi. Aliyepewa humtunza, humzalisha, na wakati ukifika humrudishia mgabaji ndama katika uzao ule. Hapo undugu unakaza. Baba wa bibi arusi anapopata uwezo humgabira mkwe wake, yaani baba wa bwana arusi, na mkono mtupu haulambwi, hasa ukweni. Bonifasi hakuwa na ng'ombe. Akachagua vifaranga vyake bora, akavitia kwenye dumu, akafunika kwa majani kama nilivyomfundisha mwenyewe, akapanda gari kwenda Busunzu. Mbele ya ukoo mzima akasimama akasema kwamba alikuja nchi hii bila kitu, na leo anamgabira mkwe wake kitu kinachozaa. Wanasema watu wazima walilia.

Mzee Filipo akapokea kwa mikono miwili. Hapo tatizo likaanza, na sidhani kama lingeanza hivi kwa watu wengine wowote duniani. Mtu mwingine angepewa samaki angewala. Filipo hakuweza, zawadi ya kugabira hailiwi. Bwawa hakuwa nalo. Kuirudisha ingekuwa tusi. Na ilimpasa azalishe ili apate cha kurudisha. Chini ya kijiji chao kuna ziwa, dogo kiasi kwamba wageni wakiambiwa ni ziwa wanatabasamu, linajazwa na kijito kinachoporomoka kwenye mwamba. Watu wa pale wanavua ngege humo tangu enzi za mababu. Filipo, kwa heshima zote na kwa baraka za ukoo, akamimina vifaranga vya mkwe wake ziwani.

Misimu ya kwanza walifurahi. Samaki wakubwa walitoka, na Skola alisifiwa kama aliyekuja na bahati. Mimi wakati huo nilikuwa nimehamishiwa Kibondo, na Mzee Shabani alikuwa amestaafu kurudi Ujiji. Nilisikia sokoni kwamba Busunzu kuna samaki wakubwa, nikadhani ni maneno ya wauzaji. Eneo lilikuwa kubwa na pikipiki ilikuwa moja, tena yenye hasira zake.

Kisha Skola alikuja ofisini. Alisimama mlangoni na beseni lililofunikwa kanga, nikamkaribisha, akakataa kiti mpaka nilipomwamrisha kama mama. Akafunua beseni. Samaki walikuwa wadogo wadogo, wamekonda, rangi haisomeki. Nilikunjua mikia mmoja mmoja. Mistari ilianza halafu ikapotea njiani. Mwingine alikuwa nayo upande wa juu tu. Nilijua nimeshika nini kabla hajasema neno.

"Ngege wameisha, mama," alisema. "Hawa wanajaa kwenye wavu na hawana nyama. Na watu wanasema ni samaki za baba yangu zimekula ziwa."

"Nani anasema?"

"Kila mtu. Lakini mama mkwe ndiye ananiuma. Nikipika hali. Anapika sufuria lake pembeni. Mume wangu ananyamaza. Juzi shangazi zake wamekuja, wamesema mke aliyeleta njaa arudishwe alikotoka." Akajifuta uso kwa ncha ya kanga. "Niambie kweli, bibi samaki. Ni samaki za baba?"

Ningeweza kumdanganya. Nilimpenda yule mtoto, nilimwona tangu akiwa na magoti yenye vumbi kwenye tuta la bwawa la baba yake. Nikamwambia ndiyo, ni hao. Akatikisa kichwa kana kwamba nimemwondolea mzigo mmoja na kumtwika mwingine.

Tulikutana nyumbani kwa Mzee Filipo. Yeye alikuwa mkimya, mrefu, mwenye aibu ya mtu aliyefanya jema likageuka. Mkewe, Mama Sesilia, alikuwa mchuuzi wa ngege wa kubanika tangu usichana wake, na hakuwa na subira nami.

"Wewe ndiye mwenye samaki wa serikali," alisema. "Waondoe basi."

Nikawaeleza jinsi walivyochanganyika, viota, ndoa zile, watoto wale, na kwamba ziwa dogo likijaa sato nao hudumaa kwa kubanana. Hakuna wavu unaoweza kuwatenga. Hata tukiwavua wote tunaowaona, wachache watabaki kwenye mafunjo na wataanza upya. Maji yakimwagika hayazoleki, na huo ndio ukweli mgumu kuliko yote niliyowahi kumwambia mtu katika kazi hii. Mama Sesilia alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akamgeukia Skola. "Umesikia. Baba yako ametumwagia."

Mzee Filipo ndipo akasema. "Oya, mama, sivyo. Aliyemimina ni mimi. Mkwe wangu alinigabira kwa moyo. Na mimi mpaka leo sijamrudishia kitu."

Kwetu hilo si jambo dogo. Mtu aliyegabiriwa asirudishe anabaki nusu mtu mbele ya mgabaji wake. Nikamwuliza kama kuna mahali popote ngege wa zamani anapatikana. Mama Sesilia akajibu kwa shingo upande: kule juu ya mwamba, kijito kinapoporomoka, kuna vidimbwi, wapo wadogo wadogo, hakuna anayehangaika nao. Sato hawezi kupanda maporomoko. Wazo likanijia hapo hapo, na nikalisema kabla sijaliogopa.

"Mzee, rudisha basi. Lakini usirudishe sato. Mrudishie mkwe wako ngege, awatunze bwawani. Wakizaa huko, mbegu ya ziwa lenu haitapotea."

"Na samaki zake atazipeleka wapi?" aliuliza Mama Sesilia.

Hilo ndilo swali nililokwenda nalo Titye. Njia nzima nilikuwa natafuta maneno. Ngege hawezi kukaa na sato, kwa hiyo bwawa la Bonifasi lingepaswa kumwagwa lote, likaushwe mpaka tope lipasuke, lipigwe majivu na chokaa, asibaki hata kifaranga mmoja. Ngege mwenyewe hakuwa mgeni pale, maana maji ya Titye na ya Busunzu yote huishia Malagarasi. Tatizo lilikuwa Bonifasi.

Alinikuta kwenye tuta, akanisalimia, "Mwakeye," akaniletea kigoda. Nilimweleza kila kitu, pamoja na sufuria la pembeni na shangazi. Akailaza fimbo magotini.

"Ng'ombe za baba niliziacha ng'ambo," alisema. "Nilikuwa mtoto, sikuulizwa. Leo unakuja kuniuliza niache tena."

"Ndiyo, mzee. Nakuuliza."

"Na hao ngege, wanakua?"

"Polepole. Soko lake si kama la sato."

"Wewe hujui kumbembeleza mtu," akasema, na kweli sijui. Akainuka akazunguka bwawa lake lote, akarudi aliposimama mwanzo. "Mwanangu anakula peke yake?"

"Peke yake, mzee."

"Fungua maji."

Tulivua majirani wote wakisaidia, sato wakaenda majikoni mwa Titye nzima, wengine wakakaangwa pale pale. Bonifasi hakula hata mmoja. Alisimama kwenye bomba na wavu wa chuma mpaka tone la mwisho, asitoroke hata kifaranga, wala hakulia. Mimi nililia kidogo, nikasingizia moshi.

Vidimbwi vya juu vilitutesa. Mwamba unateleza, na mwili wangu haukuwa tena wa kuruka mawe. Skola na mumewe walivua kwa vyandarua vilivyochakaa, nami nilikunjua kila mkia, nikirudisha yeyote niliyemtilia shaka. Mzee Filipo mwenyewe ndiye aliyebeba madumu mpaka Titye, akakataa kukaa mbele kwenye gari, akasema anayerudisha haketi mbali na anachorudisha. Walipokutana na Bonifasi kwenye tuta, wale wazee wawili walishikana mikono yote miwili, halafu Filipo akasema, "Mkwe wangu, nimechelewa." Bonifasi akamjibu, "Umefika."

Nilitoa amri moja: ngege hao wasiliwe mpaka wazae na watoto wao nao wazae. Amri hiyo ilinifanya nichukiwe Titye nzima. Bonifasi alilalamika kila nilipopita. Ngege ni wavivu, ngege wanakula pumba bila shukrani, ngege hawamjui. Lakini jioni alikuwa akizunguka na fimbo yake kama kawaida, na wavu wa bomba ulikuwa safi kuliko wa mtu yeyote wilayani.

Ziwa la Busunzu halikupona, msije mkadanganywa kwamba lilipona. Mpaka leo wanatoa samaki wale wasio na jina. Mkipita huko mtaona wanawake wakiwauza kwa mafungu, na wateja hawajui walichokikosa. Ndiyo sababu nawasumbua: msimpe mtu kifaranga kabla hamjauliza atakiweka wapi, na mwulizeni pia nani mwingine anakusudia kumpa. Katika fomu zenu swali hilo la pili halipo.

Uzao wa pili ulipokomaa, nilimwambia Bonifasi sasa anaweza. Akawaita wakwe. Walikuja Jumapili baada ya ibada, Mama Sesilia akiwa wa mwisho kuingia, akakaa karibu na mlango kama mtu aliyejiandaa kuondoka mapema. Skola ndiye aliyewabanika, uani kwa mama yake. Alileta sinia, akapiga goti, akaliweka mbele ya mama mkwe, kisha akasogea nyuma kwenda kula jikoni, kama alivyozoea kufanya ukweni kwa misimu yote ile.

Mama Sesilia alimega kipande cha mgongoni. Alikitafuna taratibu, akatoa mwiba kwa vidole, akauangalia. Akamega tena.

"Huyu ndiye," alisema kwa sauti ndogo, na machozi yakamshuka bila yeye kuyafuta.

Kisha akalisogeza sinia pembeni kidogo, akapiga piga mkeka kwa kiganja, akaita kuelekea jikoni. "Skola. Mwanangu, njoo tule."